Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2024

Ndugu yangu Nasiha,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii yakukuta mzima, wewe na wajukuu hapo Tanga. Magoti yaendeleaje? Mimi, alhamdulillahi, pumzi ingalimo, ingawa daktari ameacha kunipa siku ya kurudi. Ngazi sijazishuka mwezi wa saba huu. Simu najua huisikii, ndipo nimeshika kalamu.

Jana mjukuu wangu Riyadh na bendi yake walipiga video hapa uchochoroni, chini ya dirisha langu. Wameufufua wimbo ule. Kumbe video haipigwi mara moja! Wimbo hutoka kwenye spika, wao huufuatisha kwa midomo, na akipita paka au mkokoteni wa maji, Fuad mpiga picha hupiga kelele: "Kata! Rudieni!" Na walichokuwa wakirudia ni ubeti wa mwisho:

Zakariya nimekoma, langu la moyo nasema.

Mara ishirini na tatu, Nasiha. Nilifunga dirisha, sauti ikapenya mbaoni. Kushuka siwezi. Na kila mara Riyadh aliinua macho kwangu akitabasamu, kijana anayejivunia babu malenga.

Wimbo ni wako. Uliutunga una miaka kumi na sita, ukatia jina lako ubeti wa mwisho kama ilivyo ada ya washairi wetu, ukanipa daftari nilipeleke kwa watu wa taarabu. Nilikwambia nimebadili jina, nikatia langu, ili Baba asikuadhibu. Hilo lilikuwa kweli kwa wiki moja. Kisha watu wakaanza kuniamkia njiani, "Malenga!", nikanogewa. Ulipoolewa ukalitaka daftari, nikasema limeliwa na mchwa.

Mchwa hawana kosa. Nililichoma jikoni kwa mkono wangu.

Video itatoka mwezi wa tatu. Nataka jina lako lirudi kabla sijafa, lakini mstari wako wa asili nimeusahau. Niandikie, tafadhali.

Kakako,
Zakariya

Tanga
5 Februari 2024

Kaka Zakariya,

Waaleikum salaam. Magoti mabovu, mengine salama. Mola akupunguzie maumivu.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Mchwa! Wajua kwamba tangu siku ile kila karatasi yangu naitia kwenye mkebe wa biskuti, kwa kuwaogopa mchwa wako? Vyeti vya watoto, barua za marehemu mume wangu, vyote mkebeni. Wanangu hunicheka.

Harusini kwangu waliuimba wimbo ule. Wanawake wakaniambia, "Bibi harusi, una kaka wa kujivunia!" Nikawashukuru.

Mchwa kando, mimi unaniungamia jambo ninalolijua. Wasiolijua wako chini ya dirisha lako. Waambie wao, kwa kinywa chako. Kisha ndipo uniombe ubeti.

Nduguyo,
Nasiha

Mombasa
18 Februari 2024

Ndugu yangu Nasiha,

Salamu nyingi. Mimi nazidi kuchakaa, kijiko tu chanishinda.

Nimewaambia. Vijana walirudi Jumapili kumalizia picha za mlango. Sauti yangu haifiki hata kwenye ngazi, basi nikateremsha kile kikapu cha kamba tunachonunulia mkate kwa Ishak, nikaandika kikaratasi: "Nitilieni maikrofoni." Walicheka. "Babu ataka kuimba!" Kikapu kikapanda.

Nilisema yote: daftari, jina, jiko. Spika zikayatangaza mpaka kona ya msikiti. Ishak alitoka dukani na kisu cha mkate mkononi. Alipoelewa akasema, "Mzee, miaka yote hii nakuita malenga!" akarudi ndani.

Riyadh hakupanda kwangu siku tatu. Alipokuja hakuketi. "Babu, si tutie tu 'Nasiha mie nakoma'? Mizani yatosha."

Nikamwambia la. Nimeshakughushia mara moja.

Watarekodi na kupiga tena tarehe mbili. Naungoja ubeti wako.

Kakako,
Zakariya

Tanga
26 Februari 2024

Kaka,

Nimefurahi kwa ulilolifanya, nami nimelia kwa jingine. Siku nne nimekaa kitako nikiutafuta mstari wangu. Nimefungua mkebe, kama mjinga, nikijua haumo. Beti zote ninazo. Nikifika ule wa mwisho, kinywani hunitoka jina lako. Miaka sitini na mbili nimeusikia wako tu: redioni, harusini, mpaka wanangu niliwabembelezea huo.

Nilidhani umeniibia, lakini mstari kwangu umebaki. Haukubaki.

Mwambie Riyadh wasitie kitu. Wapige udi, wanyamaze pale penye jina na mstari wake, kisha waendelee.

Kula japo uji.

Nduguyo,
Nasiha

Mombasa
3 Machi 2024

Nasiha,

Asalaam aleikum. Naandika kidogo, mkono hautaki.

Walipiga jana, na walipiga mara moja tu. Dirisha niliacha wazi. Ulipofika ubeti ule Riyadh alifumba mdomo, ukabaki udi peke yake. Paka alipita mbele ya kamera. Fuad hakusema kata. Ishak alizima redio yake.

Na mimi hapa kitandani, katika kimya hicho, midomo ikanisogea yenyewe: Zakariya nimekoma.

Hakuna aliyesikia. Nimeona wewe ujue.

Kakako