Nilificha Jina la Mama, Jibu Likatoka

Shangazi Nzigire mpendwa, nisaidie, maana nimevunja nyumba ya watu nikiwa nimekaa kitini hapa Hilliard, kando ya Columbus. Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni kuandika programu, na mwaka huu wa 2015 kanisa liliniomba app ya kwaya za vijana wa Columbus, Buffalo na Louisville, nami kwa uvivu nikachukua kiolezo cha zamani cha ofisi, kinaitwa Mtu, nikaunda kingine, Mwanakwaya, kinachorithi kila kitu cha Mtu, na kwa kuwa ndani mna jina la mama mzazi nikalificha lisitoke kwenye JSON, yaani ile data inayokwenda kwenye simu, lakini nikasahau kuna sifa nyingine ambayo hakuna anayeijaza, programu huikokotoa yenyewe kwa kulinganisha mama mzazi na mlezi, na majina yakitofautiana huandika "mtoto wa kulelewa", basi hiyo ikarithiwa, ikatoka, na Nadine, binti wa Kirundi wa West Side, Buffalo, akafungua jina lake akaisoma.

Akauliza, "Mama, is it true?" Veridiana, aliyemchukua kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania akiwa mchanga, mama yake mzazi alipofariki, akamwambia ale kwanza. Sasa Nadine hali naye mezani. Veridiana naye amemgeukia mzee Zenoni, katibu wa kanisa aliyeandikisha ubatizo, ambaye daftari lake ndilo lililojaza app: "Nilikuambia wewe peke yako, ukaenda kuliandika!" Mzee anaapa hakuandika maneno hayo, na ni kweli, hakuna aliyeyaandika. Mzee ameacha kwenda kanisani. Mimi nimeshaiondoa sifa ile, kwa mstari mmoja tu wa programu, na hakuna anayejua. Je, ninyamaze? Na Nadine nimwambie nini?

Harun, Hilliard

Harun, pole, ila pole yangu ni fupi. Mstari wako umefuta neno kwenye simu, haukulifuta moyoni mwa mtoto. Bon, nilimwuliza mpwa wangu anayejua mambo hayo, akasema ulitaja vya kuficha badala ya kutaja vya kutoa. Jina, sauti, mji, basi. Kingine chochote kitakachorithiwa kibaki ndani.

Unyamaze? Mzee wa watu anaitwa msaliti, nawe unakula ugali wako kwa amani! Huoni haya? Jumamosi hii nenda Buffalo, si kwa simu. Kaa na Zenoni na Veridiana chumba kimoja, useme, "Hakuna aliyeandika, ni kosa la kazi yangu." Usijifiche nyuma ya maneno ya kompyuta. Wakikufokea, nyamaza ufokewe.

Nadine usimwambie kitu. Veridiana alikuwa akiisubiri siku yake ya kumweleza, ukamtangulia. Usimtangulie tena.

Shangazi Nzigire