Milango ya Bi Itsuko

Jumapili, 21 Novemba

Leo tumefunga miti ya bustani ya nyumba tunayopangisha, hapo jirani. Babu alizungushia mti wa plamu kamba za majani ya mpunga, theluji isije ikavunja matawi. Mimi nilishika tu. Mpangaji wetu, Bi Itsuko, alisimama mlangoni akimtania: "Mwenye nyumba, umekaza kama unafunga mwizi!" Babu akamjibu kwamba mti haulalamiki, wapangaji ndio hulalamika. Uongo! Bi Itsuko hajawahi kulalamika hata siku moja.

Baba ameshaondoka, yuko kwenye vibarua vya Tokyo mpaka theluji iyeyuke. Babu ana nyonga ya chuma na daktari amemkataza ngazi. Mama amesema wazi: kushusha theluji kwenye paa la nyumba ile kukitushinda mwaka huu, tunaibomoa.

Jumamosi, 8 Januari

Theluji haikatiki. Mafundi wa kuishusha paani hawapatikani, mji mzima unawagombania. Nimekwenda kwa Bi Itsuko kuchimba njia. Akanikaribisha chai na figili zilizokaushwa kwa moshi, akauliza siku hizi nasoma nini. Nikasema, kitabu. Kitabu! Kwa nini siwezi kuzungumza kama watu wengine?

Ndani baridi kali. Milango ya kusukuma pembeni ya chumba cha ndani haipo, ameing'oa na kuiegemeza ukutani. Aliponiona naitazama akasema haraka, "Nimeitoa nipate hewa, mwanangu."

Hewa — Januari?

Jumatano, 12 Januari

Leo darasani sikusikia neno. Nimeelewa. Kila mtoto wa huku anajua: milango ikianza kukwama, paa limeelemewa na theluji. Ameitoa ili tusiione ikikwama. Kwa adabu! Asitusumbue.

Baada ya shule nikaenda, nikamwambia najua. Alicheka, halafu akaacha.

"Michiru, babu yako ana kichwa kigumu kama barafu. Akijua, atapanda paani. Nyumba ni mbao tu."

Na wewe, Bi Itsuko? Wewe ni mbao? Nilitaka kumuuliza. Nikainama, nikaaga.

Nikisema, Mama atampigia simu mwana wa Bi Itsuko huko Sendai aje amchukue, na ndio mwisho wake hapa. Au Babu atapanda. Nisiposema — hapana, siwezi hata kuandika.

Ijumaa, 14 Januari

Nimesema. Jana, mezani, wali ungali mdomoni. Mama hakumaliza hata supu, alikwenda kumtoa Bi Itsuko na kumleta kwetu. Ngazi ameifungia ghalani, ufunguo uko mfukoni mwake.

Babu hakufoka. Aliuliza tu, Bi Itsuko aliitoa lini ile milango? Nikasema sijui.

"Na mimi napita pale kila siku," akasema.

Basi. Mama anasema nimefanya vizuri. Mbona najiona mchongezi?

Jumapili, 16 Januari

Mwana wa Bi Itsuko amefika. Gari linaunguruma barabarani, mizigo imeshapakiwa. Bi Itsuko ametuinamia mimi na Mama, ameshukuru, ametoka. Lakini hakuingia garini. Amechukua koleo letu! Anasafisha njia kuanzia garini hadi mlangoni kwetu, pana, kama ya kupitisha wageni. Namwona hapa dirishani.

Mwanawe anapiga kelele: "Mama, acha bwana! Nani anapita hapo?"

Bi Itsuko anasema mwenye nyumba hajamuaga.

Babu amevaa mabuti tangu asubuhi. Amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti. Mama amemsihi: "Baba, nenda basi, anakungoja kwenye baridi." Babu anamuuliza, nikamwambie nini? Miaka yote hii mtu ananilipa ili akae salama, nikamwambie nini?

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe msomaji. Watu husema nini?"

Vitabu vyote hivi, na mimi nimempa glavu zake tu.

Nje koleo limenyamaza. Bi Itsuko amefika mwisho wa njia, amesimama mbele ya mlango wetu. Hapigi hodi. Babu amekamata fremu ya mlango, anajaribu kuinuka —