Neno Lililobaki Nyuma ya Karatasi

Hopkins, Februari 1996

Mjukuu wangu Mwanaidi, mke mwenzangu,

Salamu zikufikie huko Tanga. Sisi huku ughaibuni wazima, ila tumechoka. Mama yako mdogo karudi kutoka zamu ya hospitali huko Coon Rapids, kaendesha gari kwenye theluji njia nzima, kalala na viatu. Mimi ni mgongo tu.

Umeniuliza kwa nini mwalimu anakukata maksi ukivunja mstari wa shairi popote upendapo, ilhali maneno ni yale yale. Hayabaki yale yale, mwanangu.

Usichanani mwangu palikuwa na kijana wa Pangani aliyetaka kuniposa. Nikamwandikia shairi, nikalimalizia kwa "usije ukaniacha". Karatasi ilikuwa ndogo. "Usije" likaangukia mwisho kabisa, "ukaniacha" nikaliandika nyuma. Hakugeuza. Akaona nimemkataza kuja, naye kwa adabu zake hakuja. Nilingoja mpaka nikachoka kungoja. Dada yake aliponieleza, nilikuwa nimeshaolewa na babu yako.

Usinihurumie. Babu yako, Mungu amrehemu, aligeuza kila karatasi, hata ya kufungia karanga. Ila tangu hapo, nikifika mwisho wa mstari hujiuliza: msomaji akiishia hapa, ataondoka na nini?

Ni mimi bibi yako. Macho yamechoka, na karatasi imekwisha. La mwisho nimelibana hapa pembeni kwa herufi ndogo, lisikatike: usije ukanisahau.