Mama Anakuja na Begi Moja

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na goti limekuruhusu kupanda zile ngazi za chumba cha kushonea. Mimi sijambo, na huyu wa tumboni hajambo kuliko mimi. Nikipiga pasi shuka, tumbo linatangulia mezani, wenzangu wa kazi hii ya kufulia wanakufa kwa kicheko.

Mama, tiketi imepatikana. Utasafiri tarehe 12 Juni, wiki mbili kabla sijajifungua. Sasa nisikilize. Utabadilisha ndege mara mbili. Mama wa mwenzangu mmoja alikuja na masanduku mawili, yote yakabaki njiani, akakaa siku tisa akivaa nguo za mkwewe wa kiume. Kwa hiyo wewe njoo na begi moja tu, la kuingia nalo ndani ya ndege, lisizidi kilo saba. Mafuta na dawa za maji tia kwenye vichupa vidogo. Viatu vizito vaa miguuni. Na mkasi, mama, mkasi uache nyumbani. Watauchukua pale pale kwenye ukaguzi.

Mkwe wako anakusalimu.

Mwanao

11 Machi

Kifungo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo mgonjwa, na nimelizoea kama mgeni asiyejua kuaga. Barua yako ilinifurahisha mpaka nikashona mkono wa kulia wa gauni la mteja mahali pa wa kushoto.

Lakini kilo saba! Mwanangu, huo ni uzito wa mtoto anayejifunza kukaa. Nilikwenda kwa muuza nyama anipimie begi. Akasoma kumi na moja, akaniuliza, "Mama, hii ni pamoja na mifupa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nimetoa viatu, taulo na blanketi, bado ni tisa. Magauni matatu nitayavaa mwilini, moja juu ya jingine. Mimi mwenyewe nani atanipima?

Vya mtoto sitoi. Nimemshonea fulana sita, kofia nne na shuka ndogo mbili za pamba. Mishono nimeiweka nje ili isimkwaruze. Ya mkasi nimesikia, ingawa miaka thelathini sijalala mahali ambapo mkasi haupo. Nitajiona sina vidole.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole na goti. Ukivaa magauni matatu utazimia kabla ndege haijaruka, na mimi nitaambiwa nije nipokee mzigo. Nguo usizikunje, ziviringishe, zitachukua nafasi ndogo. Punguza hizo fulana, mbili zinatosha. Jirani yangu ana cherehani, nyingine utashonea hapa hapa huku ukinifokea.

Miguu inavimba kidogo. Daktari amesema presha imepanda kidogo pia, nipunguze kusimama. Nitapunguza.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Umeniandikia "kidogo" mara mbili, na mimi nakujua. Ulipomeza kifungo cha koti ulisema umemeza kidogo. Kaa chini. Shuka za watu hazina roho, zitasubiri.

Begi limefika kilo saba na robo. Hiyo robo ni kofia. Watanisamehe.

Nijibu upesi.

Mama yako

24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua mume wangu alikupigia. Simu yako imelia mara nyingi na mimi naitazama tu. Sauti haitoki. Vidole vinaweza kidogo, ndiyo maana nakuandikia kwa simu.

Ilikuwa Jumanne iliyopita, kazini, pasi mkononi. Niliona vimulimuli, kisha sikuona kitu. Walimtoa siku ile ile. Wa kike, mama. Kilo moja na gramu mia moja. Kulikuwa na kitundu ubavuni mwa kisanduku cha joto, nikapitisha mkono, akanishika kidole. Ana nguvu, nikamwambia baba yake, huyu ana nguvu. Aliishi siku mbili. Ijumaa tukamzika, mimi na mume wangu na wauguzi wawili waliokuja siku yao ya mapumziko.

Mama, usije. Ulikuwa unakuja kumwona mtoto, na mtoto hayupo. Nyumba haina la kukuonyesha.

Mwanao

24 Aprili, jioni

Kifungo wangu,

Pole. Pole, mwanangu. Leo sina salamu nyingine.

Unasema nilikuwa nakuja kumwona mtoto. Na wewe ni nani wangu? Nimezungumza na mkwe, tiketi imebadilishwa. Nakuja Jumamosi hii.

Nina swali moja, nijibu ukiweza. Zile nguo bado zimo begini. Sikutaka kuzitoa bila ruhusa, ni mali yake, na wewe ndiye mama yake. Nizitoe, au nije nazo? Usifikirie watu watasemaje.

Mama yako

25 Aprili

Mama,

Njoo na fulana moja. Moja tu. Sikuwahi kumwona amevaa nguo, alikuwa na mipira ya hospitali na plasta mwili mzima.

Nyingine wape wenye watoto. Usiniambie ni akina nani.

Mwanao

26 Aprili

Mwanangu,

Nimefanya ulivyosema. Nimechagua ile ya rangi ya maziwa.

Muuza nyama amelipima begi, kilo sita. Alifungua mdomo atanie, akaniona uso, akaufunga. Hakuniacha nilibebe, akalipeleka mwenyewe mpaka barabarani, wateja wakimngoja.

Usije uwanjani, mkwe atanipokea. Wewe lala. Nitaingia polepole.

Mama yako

2 Julai

Mwanangu mpenzi,

Nimerudi huku kwetu salama, na nimeikuta nyumba na vumbi lake. Vipi hali yako? Unakula? Ninauliza kwa sababu najua wiki zile mbili za mwanzo uji wangu ulikuwa unapoa mezani, na mimi naupasha, na wewe unautazama.

Huku wasiojua wananipokea kwa shangwe: mjukuu anafanana na nani? Siku ya kwanza nilijifanya sisikii. Siku ya pili nikamjibu mmoja, mteja wangu wa zamani. Nikasema nilikwenda kukaa na mwanangu, tumefiwa. Alikaa kwenye benchi langu mpaka mchana, akanisaidia kufumua pindo za suruali.

Nilikuacha ukijitengenezea chai bila kuambiwa. Hilo ndilo ninaloliwaza nikiwa kwenye cherehani. Umerudi kazini? Niambie ukweli, bila "kidogo".

Mama yako

9 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nakula. Si vizuri, lakini nakula.

Nilirudi Jumatatu. Wenzangu wamenipokea kwa upole mwingi, mama, upole wa kuchosha. Wananipa kiti, wananyamaza nikiingia, wale wenye watoto hawataji watoto wao mbele yangu. Hata picha za watoto walizobandika ukutani wamezibandua.

Jana alikuja mfanyakazi mpya, mwanamke mtu mzima. Tukapangwa pamoja kukunja shuka, yeye ncha zile, mimi ncha hizi. Hajui lolote. Akaniuliza kama watu wanavyoulizana, "Una watoto, dada?"

Wote wakaacha walichokuwa wakifanya. Msimamizi akawahi kumwita, "Wewe, njoo huku." Nikasema, "Mwache, nitamjibu."

Nikamwambia, "Ninaye mmoja. Wa kike. Aliishi siku mbili."

Alinitazama, shuka mkononi. Nilidhani atasema samahani, kama wote. Akasema, "Anaitwa nani?"

Mama, ukiacha wewe, tangu tumzike hakuna aliyeniuliza jina lake. Nikamtajia. Akalirudia taratibu, mara mbili, apate kulitamka sawasawa, na wenzangu wote wakalisikia.

Nililia, sikufichi. Tukaendelea kukunja.

Mwanao