Ukili Unaolalia Kushoto

Mama,

Hata ulipokuwa hai hukusoma barua, ulinipa mimi nikusomee. Basi nisikilize, maana nimefanya jambo la aibu.

Nilimshuku mdogo wako, Mama Mdogo Zena. Ilianza baada ya arobaini yako, alipokuja kunisaidia kufagia chumba chako, akatoka na kikapu kilichofunikwa. Nilimuuliza kuna nini, akasema, "Takataka." Takataka gani mtu huifunika kwa kanga nzuri? Tangu hapo nikawa namwangalia kwa jicho la pembeni. Akicheka, namshuku. Akikulilia, namshuku zaidi.

Wiki iliyopita nikakuta mkeka mpya barazani kwake, unangoja kupelekwa sokoni Kismayo. Nikapiga magoti, nikaukagua ukili mmoja mmoja, kila utepe wa miyaa ulioshonwa hapo. Wote ulilalia kushoto. Mama, wewe ulikuwa na shoto, na hapa kwetu sijaona mwingine asukaye hivyo. Hata wangu, mimi uliyenifunza tangu utotoni kule kisiwani Chovai, unalalia kulia. Na Mama Mdogo anapara samaki kwa kulia, anashona kwa kulia. Mikeka yako yote iliuzwa ulipokuwa mgonjwa, sikubakiwa na hata mmoja. Nikasema moyoni, ukili uliouacha ndio uliokuwa kikapuni, naye kaushona mkeka auite kazi yake.

Nikamwita mwizi. Mbele ya majirani, Mama.

Hakunitukana. Aliketi chini akasema, "Sijaiba cha mchu. Nipa miyaa." Akasuka kama shibiri moja hivi, sote tukimtazama. Ukalalia kushoto.

"Mamako alinifunda kambini, kwenye ukimbizi," akasema, "weye uko Mombasa kwa babako. Miyaa hakuna, tukasuka nyuzi za magunia. Nikikaa ubavuni mwakwe, mkono wangu ukifuata wakwe."

Nikamuuliza, bado nina hasira, mbona basi wangu umekwenda kulia.

"Weye alikuketisha mbee yakwe, ukamuiga kama mchu atazamaye kioo. Nilimwambia utamharibu mtoto mkono. Akasema, nikimweka ubavuni sitamwona uso."

Mama. Miaka yote hii nilidhani nilishindwa kukuiga. Nilikuwa nikiona haya kuonyesha kazi yangu mbele ya wanawake wenzangu.

Nimemwomba Mama Mdogo radhi. Amekubali nusunusu, wala simlaumu. Kikapu bado sijui kilikuwa na nini, na nitamuuliza tena, unanijua. Jana akaniambia niende kwake baada ya laasiri, anifunze mkono wako wa kushoto. Nilitamani sana. Nimekataa.

Mola akuangazie ulipolala. Nakuahidi nitasuka hivihivi, kulia, mpaka siku nitakapokufuata, kwa sababu sasa najua ulikuwa ukinitazama.

Mwanao