Wimbo wa Sita wa Kerubo

Jumapili, Nyamira. Mvua ya mawe imeitwanga chai yetu shambani tangu saa nane mchana, na sina huruma nayo. Leo sina huruma na kitu chochote.

Nimeisikiliza tena albamu ya mdogo wangu, Kerubo. Hii ni wiki ya pili. Nyimbo tisa, gitaa moja, na sauti yake ambayo sasa inakwaruza. Hakuna kiitikio cha kushika. Kuna mahali ananyamaza katikati ya wimbo hadi unadhani simu imezima. Mara ya kwanza nilishindwa kwenye wimbo wa pili. Nikasema ni kelele.

Haikuwa kelele. Nilikuwa naimbwa mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita Kerubo aliniambia ana mimba. "Dada, usimwambie mtu, hata Mama." Nikaapa. Sabato iliyofuata nikamwambia mzee wa kanisa. Jina la Kerubo likasomwa mbele ya washiriki, akaondolewa kanisani, na siku hiyohiyo marehemu Baba akamtupia nguo nje. Hakurudi tena.

Nimejidanganya kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya roho yake. Uongo. Nilikuwa nimechoka kusimama nyuma yake kwenye kwaya.

Wimbo wa sita ni wa mtoto wake, aliyeishi siku tatu. Alimpa jina la bibi yetu, mama yake Mama: Nyaboke. Hapa nyumbani hakuna aliyejua. Naurudia wimbo huo kuliko mingine yote, na kila mara natumaini nilisikia vibaya.

Leo nilikuwa namenya ndizi na Mama, simu ikiimba mezani. Nilidhani kwa mvua ile hasikii. Kisu chake kikasimama.

"Huyo ni Kerubo."

"Ndiyo, Mama."

"Na huyo Nyaboke anayemlilia, ni mama yangu?"

Nikamwambia ni mjukuu wake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile la mzee wa kanisa.

Hakunifokea. Alinawa utomvu mikononi, akakaa, akausikiliza wimbo mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Mpigie."

Namba ya simu kwa watu wanaotaka kumwalika kuimba imeandikwa chini ya albamu. Nimeitazama wiki mbili. Nikapiga. Alipokea mwenyewe.

"Kerubo, ni mimi. Nataka kukuomba..."

"Mama yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Mama aliichukua, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nimebaki jikoni na kompyuta ya kazini, naandika haya. Wameongea mpaka mvua imekatika. Nimemsikia Mama akilia, baadaye akicheka. Jina langu sijalisikia hata mara moja.

Sabato nitasimama mbele ya washiriki walewale niseme ukweli wote, na sababu yake.

Lakini nikishasema, nitakayekuwa nimempunguzia mzigo ni Kerubo, au ni mimi?