Mbwembwe za Feruzi na barabara ya Gitega

Jumapili, kabla ya adhuhuri. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Bwiza wote ni tope, na mimi nina hasira tamu, ile ambayo mtu haombi ipoe.

Niko siberi, duka la intaneti, naandika kwa kidole kimoja. Dada mwenye mashine ananitazama kwa huruma. Akae na huruma yake. Darasa la nne lilinitosha kuendesha lori mpaka mvi zikanitoka, na leo linanitosha kumsema Feruzi.

Jana watu wa Saidi walikuja kumposa Mariamu, mjukuu wangu. Saidi anauza vipuri hapa mjini, lakini wazee wake wako Gitega. Walishajaribu kushuka mara mbili. Mara ya kwanza risasi zililia njiani, wakageuza. Mara ya pili barabara haikufunguliwa kabisa. Jana ikafunguliwa, wakaja, na kila mtu chini ya lile hema la maturubai ya shitingi alijua kwamba alasiri bariyeri ya barabarani inashushwa, na kwamba hakuna ajuaye kama wiki ijayo itapandishwa.

Wageni walifuata neno moja tu. Ndiyo.

Sasa, kwetu baba wa binti hafungui mdomo siku ya posa. Anakaa kama amechongwa. Anayesema ni msemaji, na msemaji lazima akatae kwanza, kwa mchezo, ili wageni wabembeleze kidogo, watu wacheke, kisha akubali. Hapo ndipo binti anaitwa kutoka chumba cha nyuma. Ni mchezo mzuri akipewa mtu mwenye akili. Mwanangu Hamisi, baba wa Mariamu, akampa Feruzi, muuza vitambaa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini Kiswahili kimejaa maneno ya upuuzi huu. Mbwembwe, madoido, tambo, vishindo, shamrashamra, hoihoi. Yakaonekana hayatoshi, Wafaransa wakatuletea seremoni na protokole. Jana niliyaona yote yametembea kwa miguu. Madoido yalikuwa yale maua ya plastiki kwenye viti vya kukodi. Vishindo ni spika mbili kubwa kama makabati, kwa watu ambao ukipiga chafya wote wanakuambia pole. Mbwembwe ni Feruzi mwenyewe, suti ya vipande vitatu kwenye joto la Bujumbura, anapuliza mikro, fuu, fuu, anasema moja-mbili, anatoa leso, anairudisha, anaitoa tena.

Na tambo? Tambo ilipanda gari Gitega ikaja. Msemaji wao ni mwalimu mmoja mwenye shingo ndefu, jogoo mwenzake.

"Wandugu, mumepotea njia!" Feruzi akanguruma. "Hii nyumba haina binti!"

Makofi.

"Tumefuata harufu ya ua!" mwalimu akajibu. "Toka Gitega tunainusa!"

Makofi tena. Feruzi akaeleza kwamba ua lilishanyauka. Mwalimu akasema wameleta maji. Feruzi akauliza maji ya mto gani, na mwalimu, Mungu amsamehe, akaanza kuitaja mito ya Burundi.

Nikamnong'oneza Hamisi, "Ambia uyu mutu wako afupishe."

"Baba, nyamaza. Tuko mu protokole."

Fanta zikaisha. Sambusa zikaisha. Jua likahama upande wa pili wa hema, na hawa wawili bado wanatafutana kama watoto gizani. Mwisho shofa wa wageni akaingia na ufunguo mkononi.

"Bazee, barabara inafunga. Mi naenda. Mwenye kubaki, abaki."

Feruzi akamwinulia kiganja. "Muheshimiwa shofa, vumilia. Bado niko mu utangulizi!"

Utangulizi!

Mzee Rajabu, baba yake Saidi, akasimama. Mtu mpole. Alikuwa amekaa muda wote na kofia yake magotini, anasubiri neno lake moja. Akasema taratibu, "Basi tutarudi, Mungu akipenda." Saidi alitazama chini. Hakuna aliyesogea, maana msemaji hajasema ndiyo, na asiyekuwa msemaji haruhusiwi.

Katika vita hii nimewasikia wengi wakisema tutarudi. Wengine nawasubiri mpaka leo.

Nikaenda chumba cha nyuma. Shangazi yake alikuwa anampaka Mariamu wanja.

"Babu, bado hawajaita!"

"Hawataita, mama. Twende."

Nikamshika mkono, nikamtoa vile vile, jicho moja lina wanja, la pili tupu, kanga ya nyumbani begani. Nikamfikisha mbele ya Rajabu.

"Mukwe, mutoto uyu hapa. Tumekubali. Kimbieni."

Rajabu akamtazama. Akamwekea mkono kichwani, akasoma dua fupi, akasema, "Alhamdulillahi, nimesikia," akaingia kwenye gari lao la hiasi. Saidi alibaki mlangoni anacheka kama mgonjwa wa homa. Wanawake wakapiga vigelegele bila kusubiri ruhusa. Na katikati ya vigelegele, kwenye spika zote mbili: "Kabla ya kuhitimisha, ningependa..."

Umpende nani, Feruzi? Viti?

Jioni Hamisi alisema tu, "Baba, umetuaibisha." Feruzi naye akatangaza mlangoni kwetu kwamba posa haikukamilika, kwa sababu neno halikutoka kinywani mwake. Mariamu akamwamini. Alijilaza kitandani amegeukia ukuta, hata chai hakunywa. Hilo ndilo lililoniuma. Aibu ya Hamisi itajiponya yenyewe.

Leo asubuhi simu ya Hamisi ikalia. Rajabu. Walipita mti wa bariyeri umeshaanza kushuka. Hakuuliza habari ya msemaji wala ya mito. Aliuliza harusi tuiweke Ijumaa gani, maana jibu alishalipata kwa wenye mutoto. Mariamu aliruka akaniangushia kikombe. Nimekisamehe.

Mngedhani yamekwisha. Apana. Feruzi ametuma ujumbe: nimemvunjia heshima mbele ya wageni, kwa hiyo anataka seremoni ya kuombwa radhi. Viti, hema, msemaji upande wake, msemaji upande wangu. Wa kwangu ameshachaguliwa, sikuulizwa.

Nitakwenda, kwa sababu Mariamu ameniomba na Feruzi ndiye mwenye kitambaa cha harusi. Msemaji wangu akisimama, nitamshika koti nimkalishe. Nitasema, "Feruzi, samahani," na mimi nikae.

Wakisema ni fupi mno, nitasimama tena, nitengeneze kofia yangu, nikohoe kama waziri, niseme ile ile.